Sushi ya Mkanda Nchini Japani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanafunzi Wapya

Kila Aprili na kila Oktoba, wanafunzi wapya kutoka Afrika Mashariki wanapotua Japani, maswali kuhusu sushi ya mkanda huwa yaleyale: ni salama, ni halali, ni bei gani, na nifanye nini nikishaketi. Hapa yamekusanywa pamoja. Yameanza na ya msingi kabisa, na yale magumu yako chini. Mwenye haraka na aruke hadi swali lake. Palipo na jambo lililokwisha kuelezwa, utaelekezwa kwa namba.

## Misingi

1. Sushi ya mkanda ni kitu gani hasa?

Ni mgahawa ambamo sahani ndogo za sushi hupita mbele ya wateja juu ya mkanda unaozunguka ukumbi, nawe unanyoosha mkono na kuchukua unayoitaka. Wajapani huiita *kaitenzushi*. Sahani moja kwa kawaida ina vipande viwili: tonge dogo la wali uliotiwa siki, sukari na chumvi, na juu yake kipande cha samaki. Nyingine huviringishwa kwa mwani. Siku hizi menyu hiyohiyo ina tambi, supu, viazi vya kukaanga, keki na aiskrimu.

Usiichanganye na ile migahawa ya kaunta ambako mpishi bingwa hukukandia tonge mojamoja na bei huijui mpaka mwisho. Kwenye mkanda wali hufinyangwa na mashine, familia huja na watoto wachanga, na hakuna anayekukodolea macho unavyokula. Kwa mgeni, hilo la mwisho lina thamani kuliko ubora wa samaki. Ndiyo maana nawashauri wote waanzie hapa: unajaribu kidogo kidogo, unaacha usichokipenda, na hakuna mwenyeji wa kumkwaza.

2. Nani aliyeianzisha?

Yoshiaki Shiraishi, mwenye mgahawa mdogo wa sushi Higashi-Osaka, mji wa viwanda vidogovidogo. Wafanyakazi wa viwanda walikuwa wateja wengi, wahudumu wachache. Alipoona chupa zikisafiri kwenye mkanda katika kiwanda cha bia cha Asahi, akaupeleka mkanda ukumbini mwake. Mgahawa wa kwanza, Mawaru Genroku Sushi, ulifunguliwa mwaka 1958. Mkanda wake ulikwenda sentimita 8 kwa sekunde. Maonyesho ya Dunia ya Osaka ya mwaka 1970 yakaujulisha nchi nzima.

3. Nilikwenda nikakuta mkanda hauna sushi. Nilikosea mgahawa?

Hapana. Januari 2023 ilisambaa video ya kijana mmoja akilamba mdomo wa chupa ya sosi ya soya na kugusa sushi kwa kidole chenye mate katika tawi la Sushiro, kampuni kubwa ya sushi ya mkanda, mjini Gifu. Nchi nzima ilichafukwa. Video nyingine za mizaha kama hiyo zikafuata, na kampuni hiyo ikaacha kuzungusha sushi za kuchukuliwa na yeyote. Ikabaki kupeleka zile zilizoagizwa tu.

Lakini hata kabla ya hapo mambo yalikuwa yanaelekea huko. Kuagiza kwa skrini kunapunguza chakula cha kutupwa, na wateja wenyewe walipenda sushi iliyotengenezwa sasa hivi kuliko iliyokwisha kuzunguka ukumbi mara kadhaa. Migahawa mingi leo ina njia nyembamba iliyonyooka: unaagiza, sahani inakuja mbio na kusimama mbele yako. Mwenye hamu ya kuona mkanda wa kweli ukizunguka aende Kura Sushi, ambako sahani zinazozunguka hufunikwa kwa kifuniko cha plastiki kinachofunguka ukiinua sahani, na kamera hulinda wasije wakafungua na kurudisha.

4. Nitatumia pesa ngapi?

Enzi ya sahani ya yeni 100 ilikwisha Oktoba 2022, Sushiro na Kura Sushi zilipopandisha bei. Sasa sahani za chini katika makampuni makubwa ziko kwenye yeni 120 hivi na kupanda, za kati kama 200, na za anasa hupita 300. Matawi ya katikati ya miji huuza ghali kuliko yale ya pembezoni yenye maegesho makubwa ya magari. Bei inayoonyeshwa huwa tayari na kodi ndani.

Mtu wa tumbo la kawaida hushiba kwa sahani 8 hadi 10, kwa hiyo weka yeni 1,500 hadi 2,000. Anayependa kushiba kwa uhakika achukue na bakuli la tambi za udon, maana matonge haya hayalingani na sinia la wali wa nyumbani. (Kwa wenye masharti ya dini, soma kwanza swali la 15 kabla ya kuagiza hiyo udon.)

5. Sijui Kijapani hata neno moja. Nitaweza?

Utaweza kuliko mahali pengine popote pa kula Japani. Mlangoni kuna mashine ya kutoa namba, mezani kuna skrini yenye picha, na karibu kila mara skrini hiyo hubadilishwa kuwa Kiingereza, Kichina au Kikorea. Unaweza kuingia, kula, kulipa na kutoka bila kufungua kinywa isipokuwa kwa kula. Maneno machache yatakayokufaa yametajwa katika majibu ya chini pale yanapohitajika.

6. Niende mgahawa upi?

Kwa mara ya kwanza, wowote kati ya makampuni makubwa ulio karibu na bweni: Sushiro, Kura Sushi, Hama Sushi au Kappa Sushi. Tofauti zao ni ndogo kuliko mashabiki wao wanavyodai. Ukiwa Tokyo, Uobei ya Shibuya inafurahisha kwa sababu haina mkanda wa kuzunguka kabisa. Sahani hufika kwa reli za ghorofa mbele ya uso wako.

Ukishazoea, anza kusafiri. Kanazawa, Toyama na Hokkaido kuna migahawa ya mkanda inayonunua samaki kwenye bandari za jirani, na huko utaelewa kwa nini Wajapani hupanga foleni ya saa nzima kwa chakula kinachoitwa cha haraka. Bei ni mara mbili au zaidi. Kwa maoni yangu inafaa kuweka akiba kwa ajili ya hiyo safari.

## Ukishafika

7. Nikiingia nafanya nini kwanza?

Chukua namba kwenye mashine: bonyeza idadi ya watu, kisha chagua kaunta au meza. Ukiwa peke yako chagua kaunta, utaingia upesi. Namba yako ikiitwa au ikitokea kwenye skrini, unapewa namba ya kiti na kujipeleka mwenyewe. Jumamosi na Jumapili jioni foleni huwa ndefu. Nenda siku ya kazi kati ya saa nane na saa kumi mchana, ukumbi huwa mweupe. Makampuni makubwa yana programu ya simu ya kuchukua nafasi ukiwa bado nyumbani.

Mezani utakuta kitambaa cha karatasi chenye maji cha kufutia mikono, vijiti, sosi ya soya, vikombe, na kopo la unga wa kijani.

8. Lile bomba jeusi la mezani ni la kunawia mikono?

La! Yale ni maji ya moto kwelikweli, ya kutengenezea chai. Weka kijiko kimoja kidogo cha ule unga wa kijani kikombeni, sukumiza kikombe kwenye kitufe cha bomba, maji yatatoka. Chai haina malipo, na hainyweki na sukari. Wenzetu waliozoea chai ya rangi yenye tangawizi huiona chungu mwanzoni. Ladha yake huja ukishainywa baada ya samaki mwenye mafuta. Maji baridi nayo ni ya bure, kwa kawaida ya kujichotea.

Swali hili laweza kuonekana la mzaha, lakini kila mwaka kuna mtu anayetia mkono. Watu wa kwetu tukiona bomba karibu na chakula, mkono huenda wenyewe.

9. Nile kwa vijiti au kwa mkono?

Vyote viwili vinakubalika, na sushi ya tonge kula kwa mkono ni jambo la kale kabisa huko. Aliyelelewa kwa kumega tonge hana cha kujifunza hapa zaidi ya kuwa mpole: tonge la sushi limeshikana kidogo tu, ukilibana linavunjika. Kipande chote kiende kinywani mara moja.

Ukitumia vijiti, kumbuka miiko miwili yenye uzito. Usivisimamishe wima kwenye bakuli la wali, kwa sababu ndivyo wanavyofanya kwa wafu. Wala usimpasie mwenzako kipande kutoka vijiti vyako kwenda vyake, kwa sababu ndivyo jamaa wanavyookota mifupa baada ya maiti kuchomwa. Mengine yote utasamehewa.

10. Sosi, wasabi na ile tangawizi vinatumikaje?

Geuza kipande ili samaki ndiye aguse sosi, wala si wali. Wali hunyonya sosi nyingi na kumong'onyoka. Tangawizi iliyolowekwa kwenye siki ni ya kusafisha ulimi kati ya samaki mmoja na mwingine. Haiwekwi juu ya sushi. Wasabi, kiungo kikali cha kijani, katika makampuni mengi siku hizi haitiwi ndani; unachukua vipakiti vyake mwenyewe. Penye mashaka sema *sabi-nuki*, wataleta isiyo na wasabi. Ukali wake haufanani na wa pilipili. Hupanda puani na kutoweka baada ya sekunde chache, kwa hiyo usijipime nguvu kwa sababu tu wewe ni bingwa wa pilipili mbuzi.

11. Nikichukua sahani kisha nikabadili nia, naweza kuirudisha?

Hapana, hata kama hujaigusa kwa mdomo. Sahani ikishatoka kwenye mkanda ni yako. Kadhalika usichukue sahani iliyowekwa juu ya kibao chenye rangi au maandishi ya kuonyesha kuwa imeagizwa. Hiyo ni ya meza ya mbele inayoisubiri. Skrini yako italia kengele chakula chako kikikaribia.

12. Mtu wa kwetu aanze na nini?

Inategemea umetoka upande gani. Wa Pwani na visiwani waanze na wanaowajua: *tako* ni pweza, na huletwa akiwa amechemshwa, *ebi* ni kamba, naye amechemshwa, *maguro* ni jodari, mbichi. Pweza wa Japani, kwa taarifa yako, mara nyingi hutoka Afrika: Mauritania na Moroko ni miongoni mwa nchi zinazowauzia zaidi. Aliyezoea pweza wa Forodhani ataona huyu ni mlaini na amepoa mno, hana ukwaju wala moshi, lakini ni yuleyule.

Waliokulia kando ya ziwa Tanganyika, Kivu au Victoria, wenye sangala, migebuka na dagaa, hawana sababu ya kuanza na wanyama wa minyiri. Hao waende na samoni. Ni mlaini, ana mafuta, hana harufu kali, na wengi huishia kumrudia sahani kwa sahani.

Watakaotaka kuahirisha: *natto*, soya iliyovundikwa yenye nyuzi kama ute, mayai ya kijani au ya machungwa ya samaki, na *uni*, tezi za uzazi za urumbu wa baharini, yule mwenye miiba anayewachoma miguu wavuvi wa kwetu. Huyo ni mtamu akiwa mbichi hasa, lakini wa mgahawa wa bei rahisi humkatisha mtu tamaa kabisa.

## Ubichi na afya

13. Samaki mbichi hatanidhuru?

Hili ndilo swali linaloongoza. Hofu yake ina msingi, kwa sababu kwetu samaki mbichi ni samaki ambaye hajafika jikoni bado. Tofauti iko kwenye baridi. Jodari wa bahari kuu hugandishwa melini kwa nyuzi 60 chini ya sifuri hivi na kubaki hivyo hadi karibu na kuliwa. Samoni anayeliwa mbichi Japani ni wa kufugwa. Wajapani hawakuwa na desturi ya kumla mbichi yule wao wa Pasifiki kwa sababu ya minyoo, na ni Norway iliyowashawishi kumla wa kwake kuanzia miaka ya 1980.

Hatari inayojulikana zaidi ni mnyoo anayeitwa anisakisi, anayeishi ndani ya samaki kama *saba*, jamii ya vibua, na ndani ya ngisi. Hafi kwa siki, wala wasabi, wala sosi ya soya, hata wazee wa huko waseme nini. Anakufa kwa kugandishwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 au zaidi, au kwa kupikwa. Makampuni makubwa hutumia samaki waliogandishwa kwa wingi, na hapo kuna kejeli ndogo: mgahawa wa bei rahisi unaweza kuwa na mnyoo huyu kwa nadra kuliko ule wa bandarini unaojisifu kwa samaki wa asubuhi.

Ukipatwa na maumivu makali ya tumbo la juu saa chache baada ya kula, usinywe dawa za kubahatisha. Nenda hospitali useme umekula samaki mbichi. Daktari huingiza kamera tumboni na kumtoa mnyoo. Kama mwanafunzi aliyejiandikisha kwenye bima ya afya ya taifa, unalipa asilimia 30 tu ya gharama.

14. Mimi samaki mbichi siwezi kabisa, lakini marafiki wananialika. Nitakula nini?

Vingi. Mbali na kamba na pweza wa kuchemsha, kuna *tamago*, omleti tamu iliyowekwa juu ya wali. *Inari*, kifuko cha tofu (jibini ya soya) ya kukaanga kilichojazwa wali. *Kappamaki*, wali na tango ndani ya mwani. Mahindi yenye mayonezi. Na samoni aliyepitishiwa moto juu juu, ambaye menyu humwita *aburi*. Huyo wa mwisho bado ni mbichi ndani, usidanganyike na rangi. Kuna pia *chawanmushi*, yai lililochemshwa kwa mvuke hadi likawa laini kama maziwa mgando, na maharage mabichi ya soya yaliyochemshwa.

Wajawazito na wenye kinga dhaifu nao wakae kwenye orodha hii, wakimwacha huyo samoni wa *aburi*. Kwa wajawazito kuna sababu ya ziada: jodari wakubwa hubeba zebaki, na wizara ya afya ya Japani hutoa mwongozo wa kiasi cha kula. Ulizeni kliniki mnakohudhuria.

## Dini, mzio na masharti mengine

15. Je, sushi ya mkanda ni halali?

Jibu fupi linalotolewa mtandaoni ni "ni samaki, kula tu". Jibu hilo halitoshi. Samaki si tatizo. Viungo ndivyo vya kuangaliwa.

La kwanza ni *mirin*, kiungo kitamu cha mchele chenye kilevi cha asilimia 14 hivi. Kinaingia kwenye sosi nzito ya mkunga, kwenye omleti, na kwenye mchuzi wa tambi za udon na soba. Mara nyingi kimo pia katika vile vijiti vya samaki vya kuiga nyama ya kaa. La pili ni sosi ya soya: katika kuchachuka huzaa kilevi kidogo chenyewe, na viwanda vingine huongeza kingine cha kuihifadhi. La tatu ni siki ya wali. Siki yenyewe wanazuoni wengi hawana tatizo nayo, lakini mchanganyiko unaotiwa kwenye wali unaweza kuwa umeongezwa mirin au *sake*, pombe ya mchele. La nne ni jikoni: menyu ina nguruwe, ng'ombe asiyechinjwa kwa sharia, na kuku wa kukaanga, na mafuta ya kukaangia yanaweza kuwa ya pamoja. Viazi na tempura usiviamini kwa sura.

Waislamu niliowaona huku hugawanyika mafungu matatu. Wapo wasiokanyaga mgahawa usio na cheti. Wapo wanaokula samaki na wali pekee, wakiacha omleti, mkunga, mchuzi na vya kukaanga, na huja na kichupa chao cha sosi yenye nembo ya halali kutoka maduka ya Waislamu, kama yale ya Shin-Okubo mjini Tokyo. Na wapo wanaoepuka nguruwe na pombe ya wazi tu. Mimi si mufti. Muulize unayemwamini kabla hujaja. Nasema tu kwamba fungu la kati linawezekana kabisa kwenye sushi ya mkanda kwa sababu kila sahani inakuja peke yake, tofauti na karamu ya chuo ambako vyote vimechanganywa.

Ukitaka kuuliza: *Buta-niku wa haitte imasu ka?* ni "kuna nyama ya nguruwe ndani?" Badala ya *buta-niku* weka *arukōru* kuulizia kilevi. Mhudumu kijana huenda asijue, na kwa adabu ya kwao atakwenda kumuuliza meneja. Mpe muda.

16. Pweza, kaa na chaza je?

Waislamu wengi wa Afrika Mashariki ni wa madhehebu ya Shafi, na kwao viumbe wa baharini kwa jumla wanaruhusiwa. Ndiyo maana supu ya pweza haijawahi kuwa na ubishi Zanzibar wala Lamu. Mwenzako wa Kihanafi kutoka Pakistan au Uturuki anaweza kukataa, na msigombane mezani.

Wasabato, ambao ni wengi miongoni mwa wanafunzi kutoka Kenya, Tanzania na Rwanda, hufuata kigezo cha mapezi na magamba. Kwao pweza, ngisi, kamba, kaa, chaza na mkunga hutoka wote. Wanaobaki bado ni wengi: jodari, samoni, *tai* ambaye ni jamaa wa changu wetu, *aji*, *saba*, na sushi za mboga zilizotajwa katika swali la 14.

17. Nina mzio. Nifanyeje?

Sheria ya Japani inavitaja vyakula ambavyo ni lazima vitajwe kwenye bidhaa za pakiti, vikiwamo mayai, maziwa, ngano, soba (nafaka ya tambi za jina hilo), karanga, kamba, kaa, na sasa jozi. Migahawa haibanwi na sharti hilo, lakini makampuni makubwa ya sushi huweka jedwali la mzio kwenye tovuti zao. Lisome kabla ya kwenda. Kumbuka sosi ya kawaida ya soya ina ngano. Na kama mzio wako wa kamba ni wa kuhatarisha maisha, usiende: visu, vibao na mikono ya jikoni ni ileile.

18. Naweza kufuturu huko wakati wa Ramadhani?

Unaweza, ukipanga. Saa ya kufuturu huangukia pale familia za Kijapani zinapojaa kwa chakula cha jioni. Chukua nafasi kwa programu ya simu mapema, beba tende zako, na usiagize chochote mpaka dakika chache kabla ya adhana, kwa sababu sahani hufika upesi kuliko unavyodhani na haifai kukaa mbele yako. Kuhusu viungo, rudi swali la 15.

## Kulipa

19. Bili inahesabiwaje?

Kwa sahani. Kila rangi ina bei yake, au bei moja kwa nyingi na chache za pekee. Ukimaliza, bonyeza kitufe cha kulipa kwenye skrini. Mhudumu huja kuhesabu marundo, au mashine yenyewe imekwisha kuhesabu. Chukua kibao cha namba ya meza hadi kwenye kaunta ya malipo. Basi usizifiche sahani wala usizichanganye na za jirani, hata kama unaona haya kwa urefu wa rundo lako. Rundo refu huko ni jambo la kujivunia.

Kura Sushi wana tundu mezani: unatumbukiza sahani tupu, na kila ikifika ya tano mchezo huanza kwenye skrini. Ukishinda, kidude cha kuchezea kinadondoka. Nimewaona wanafunzi wa udaktari wakila sahani ambayo hawakuitaka ili wafikishe tano.

20. Tukienda kundi, kila mtu anaweza kulipa chake?

Kwa kaunta ndiyo. Kwa meza moja bili huwa moja, na mashine za kujilipia haziijui michango. Mmoja alipe, wengine wamrudishie palepale. Mkiwa na mmoja anayekula sahani 20 na mwingine 5, kila mtu aweke rundo lake mbele yake. Huo ndio ushahidi. Mwalimu wako akikualika yeye ndiye atalipa. Mshukuru mnapotoka kwa *gochisōsama deshita*, na mshukuru tena mkionana kesho yake. Huko shukrani ya siku ya pili inatarajiwa.

21. Niache bahashishi?

Usiache. Mhudumu atakukimbiza njiani akidhani umesahau chenji.

22. Naweza kufungiwa mabaki?

Hapana, kwa sababu ya ubichi wa samaki. Lakini unaweza kuagiza sushi ya kubeba tangu mwanzo, ambayo hupakiwa kwa barafu na kuandikwa saa ya mwisho ya kuliwa. Agiza sahani mbilimbili mezani na hutakuwa na mabaki.

## Hali za pekee

23. Kula peke yangu haitakuwa aibu?

Kwetu mtu akila peke yake mgahawani huulizwa kulikoni. Japani ni jambo la kila siku na viti vya kaunta vimewekwa kwa ajili hiyo. Jioni ya Jumatatu utakuta safu nzima ya watu, kila mmoja na simu yake na rundo lake.

24. Naweza kupiga picha na video?

Chakula chako, ndiyo. Wateja wengine, hapana. Kuweka simu juu ya mkanda ili izunguke ukumbi ikirekodi, kamwe. Kwa sababu utaona nyuso za watu wazima na watoto waliokuja kula tu, na baada ya yaliyoelezwa katika swali la 3, wahudumu wako macho mno.

25. Nasoma Uingereza au Marekani. Haya yananihusu?

Nusu yake. London imekuwa na YO! Sushi tangu mwaka 1997, na Kura Sushi ina matawi mengi Marekani. Mfumo wa kulipa kwa sahani ni uleule, lakini bei ni ya juu zaidi, bahashishi hufuata desturi ya nchi, na menyu ina vingi vya kupikwa. Majibu ya halali na mzio yasome kwa sheria za huko.

26. Naweza kupata kazi ya muda kwenye mgahawa wa namna hii?

Wengi wanafanya. Viza ya mwanafunzi peke yake haikuruhusu; unaomba kibali cha kazi za nje ya masomo idara ya uhamiaji, na ukishapata unafanya hadi saa 28 kwa wiki, au saa 8 kwa siku wakati wa likizo ndefu za chuo. Angalia pia masharti ya ufadhili wako, maana mengine ni makali kuliko sheria. Kazi za jikoni na kuosha vyombo hazidai Kijapani kingi. Mwislamu aulize mapema kama atashika nguruwe au pombe, kabla ya kutia sahihi.

27. Nikirudi nyumbani likizo, naweza kuwatengenezea sushi kwa jodari wa sokoni?

Wali ndiyo, jodari mbichi hapana. Samaki wa Feri Dar es Salaam au wa Mombasa anaweza kuwa ametoka majini alfajiri ile, lakini hakupitia baridi iliyoelezwa katika swali la 13, na friza ya nyumbani inayokatikiwa umeme haiwezi kuifikia na kuishikilia. Tumia kamba na pweza wa kuchemsha, tango, parachichi na yai. Mchele wa Mbeya au wa Mwea haushikani kama wa Kijapani. Upike na maji mengi kidogo, utie siki ukiwa wa moto, na ufinyange kabla haujapoa kabisa. Mwani nunua Japani kabla ya kupanda ndege, ni mwepesi na hauozi.